Jozi na Tofauti: Namna ya Kuchagua Jaribio la Takwimu

Mtu asimamaye katika mji wa Morogoro, ambako mvua ya mwaka mzima aghalabu haitimii milimita 1,000, akainua uso kuzitazama Lupanga na Bondwa, hutazama safu ya milima ya Uluguru, ambayo upande wake wa pili, juu ya Kinole, pepo zitokazo Bahari ya Hindi huushushia mvua iliyo zaidi ya maradufu ya hiyo. Na lau angezunguka mpaka Mgeta, upande wa magharibi, angekuta baridi, kabichi na njegere mahali ambapo, kwa kuipima ramani, si mbali hata kidogo na migomba ya Matombo. Hata katika mteremko mmoja, shamba la bondeni lililopokea udongo ulioteremka kwa miaka mingi halifanani na shamba la juu lililoutoa udongo huo. Katika nchi ya namna hii swali dogo la mkulima, mathalani kama mbegu fulani ya mahindi huzaa kupita mbegu nyingine, halijibiki kwa kuokota mashamba kumi ya huku na mashamba kumi ya kule na kulinganisha wastani wao, kwa sababu atakayefanya hivyo atakuwa amelinganisha mvua na mvua, mwinuko na mwinuko, udongo na udongo, na mbegu zenyewe zitakuwa zimefunikwa na tofauti hizo zisionekane. Njia ya insafu ni kuzipanda mbegu zote mbili katika kila shamba, kipande kwa kipande, chini ya mvua ile ile na jembe la mtu yule yule, ili kila shamba litoe ushahidi wake juu ya mbegu peke yake. Vipimo viwili vilivyopatikana hivyo ndivyo vinavyoitwa jozi, na sura hii yahusu jambo moja tu: ukiisha kuwa nazo jozi hizo, kwa jaribio gani la takwimu utaamua kama tofauti uliyoiona ina maana au imeletwa na sadfa.

Uluguru ina kisa chake kinachoonyesha uzito wa swali la namna hii. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni, kwa mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, iliwalazimisha Waluguru kuchonga ngazi katika miteremko yao ili kuuzuia mmomonyoko wa udongo. Wakulima walilalamika kwamba kazi ilikuwa nzito kupita kiasi, na kwamba kuchimba ngazi kuliufunika udongo wa juu wenye rutuba na kuufukua udongo wa chini usioweza kulisha mahindi. Malalamiko yalizidi, yakachanganyika na hasira ya kutawaliwa, na mwezi wa Julai 1955 ghasia zikatoka Matombo, kisha mpango ukaachwa. Sina nia ya kuyapunguza mabishano yale yawe hesabu tu, maana yalikuwa ya haki ya watu juu ya ardhi yao, na haki haipimwi kwa wastani. Walakini ndani yake limo swali ambalo kwa umbo lake ni swali la jozi: katika mteremko ule ule, mwaka ule ule, kipande chenye ngazi na kipande kisicho na ngazi vilivyo jirani vingetoa debe ngapi za mahindi kila kimoja, na vingepoteza udongo kiasi gani? Mkulima anayelinganisha mavuno ya mwaka huu, baada ya ngazi, na mavuno ya mwaka jana, kabla ya ngazi, ana jozi ya aina fulani, lakini jozi dhaifu, kwa kuwa kati ya mwaka na mwaka yamepita masika mawili yasiyofanana. Na mtaalamu anayelinganisha kijiji kilichokubali ngazi na kijiji kilichozikataa hana jozi kabisa, isipokuwa vijiji viwili.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wengi huidhani kazi ya kuchagua jaribio kuwa huanza siku data zinapokuwa zimekwisha kukusanywa, wakifungua jedwali la mwisho wa kitabu na kutafuta mstari unaowafaa. Kwa maoni yangu kazi hiyo huanza shambani, siku ya kuamua nani awe jirani wa nani, na kwa kura gani kipande cha kulia au cha kushoto kitapewa mbegu mpya. Jaribio la takwimu haliwezi kutengeneza jozi ambayo mpimaji hakuitengeneza. Na kinyume chake, jozi iliyotengenezwa kwa uangalifu hupotea bure ikipewa jaribio lisiloitambua. Ushahidi wa neno hili upo katika makala yenyewe iliyotuletea jaribio linalotumiwa kuliko yote, yaani jaribio la ti.

Mwandishi wa makala hiyo alikuwa William Sealy Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness cha Dublin, ambaye mwaka 1908 aliandika katika jarida la Biometrika kwa jina la kujificha la Student. Tatizo lake lilikuwa tatizo la kila mtu mwenye vipimo vichache: wataalamu wa zama zake walijua namna ya kuhukumu wastani wa mamia ya vipimo, lakini Gosset, aliyeshughulika na shayiri na hamira, alikuwa na vipimo vinne, au sita, au kumi, na alitambua kwamba katika uchache huo hata makadirio ya mtawanyiko wa vipimo nayo yana shaka, na shaka hiyo lazima ihesabiwe. Ili kuonyesha njia yake alichukua data zilizokwisha chapishwa na Cushny na Peebles mwaka 1905, za wagonjwa kumi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kalamazoo, Marekani, ambao kila mmoja alijaribiwa kwa dawa mbili za usingizi, na kwa kila dawa ikaandikwa ni saa ngapi za usingizi zilizoongezeka.

Kwa dawa ya kwanza ongezeko lilikuwa, kwa wastani, saa 0.75, na kwa dawa ya pili saa 2.33. Lakini wagonjwa wenyewe walitofautiana mno: mmoja alipungukiwa usingizi kwa saa 1.6 alipotumia dawa ya kwanza, mwingine akaongezewa saa 3.7 kwa dawa hiyo hiyo. Mtu akizichukua safu hizi mbili za tarakimu kana kwamba ni za watu ishirini wasiojuana, akafanya jaribio la ti la makundi mawili, atapata thamani ya 1.86, ilhali kwa data za kadiri hiyo inahitajika ipite 2.10 ndipo tofauti ihesabiwe kuwa si ya sadfa kwa kiwango cha tano kwa mia. Basi atasema kwamba dawa hazikuthibitika kutofautiana, naye atakuwa amekosea njia, si hesabu. Mwenye kuitambua jozi hutoa kwanza: kwa kila mgonjwa huchukua usingizi wa dawa ya pili, akaondoa usingizi wa dawa ya kwanza, naye hubaki na tofauti kumi, ambazo ni saa 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0.0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6 na 1.4. Wastani wake ni saa 1.58, ule ule uliokuwa baina ya safu mbili, kwani kutoa hakubadili wastani; kilichobadilika ni mtawanyiko, maana tabia ya kila mgonjwa, kwamba huyu hulala sana na huyu hulala kidogo, imeondoka pamoja na kile kilichotolewa. Thamani ya ti sasa ni 4.06, na ingawa mpaka wa kuupita umepanda kutoka 2.10 kuwa 2.26, kwa sababu tunazo tofauti kumi badala ya vipimo ishirini, umepitwa kwa mbali. Kupanda huko kwa mpaka ndiyo bei ya jozi, na kwa kawaida ni bei ndogo kwa faida kubwa. Hugeuka kuwa hasara pale tu ambapo wawili waliofungwa pamoja hawakuwa na chochote cha kuwafananisha.

Katika tofauti zile kumi msomaji atakuwa ameiona moja iliyojitenga, yaani 4.6. Mtu angedhani kwamba mgonjwa huyo, aliyeitetea dawa ya pili kuliko wengine wote, ndiye aliyeipa nguvu hukumu. Na kama akimwondoa ili ajaribu, atastaajabu kukuta thamani ya ti haishuki bali inapanda mpaka 5.66. Sababu yake ni kwamba jaribio la ti hugawanya wastani kwa mtawanyiko, na kipimo kimoja kilichotoka nje ya kundi huukuza mtawanyiko zaidi kuliko kinavyoukuza wastani. Hapo ndipo penye mlango wa kuingilia katika suala la kuchagua. Jaribio la ti hudai kwamba tofauti zitawanyike kwa ule mgawanyo wa kawaida wenye umbo la kengele, au karibu yake. Na dai hilo ni juu ya tofauti peke yake, wala si juu ya vipimo vya asili. Nimewaona watu wakihangaika kwa sababu mavuno ya mashamba yao hayakujipanga kwa umbo la kengele, na ni muhali yajipange hivyo ikiwa shamba moja liko Kinole na la pili liko Mgeta. Ilhali tofauti za ndani ya kila shamba, ambazo ndizo zinazohukumiwa, zilikuwa zimejipanga vizuri kabisa.

Siku nyingine, hata hivyo, tofauti zenyewe huwa na tabia isiyostahimiliwa na jaribio la ti, na hakuna kitu katika Uluguru kinachofundisha hilo kuliko udongo uteremkao. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilipiga Mgeta, na miteremko ikaporomoka mahali zaidi ya elfu moja. Wanajiografia Paul Temple na Anders Rapp, waliokuwa katika utafiti wa mmomonyoko wa udongo ulioshirikisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, waliuchunguza msiba huo na kuchapisha habari zake mwaka 1972. Fikiri sasa mtu aliyeweka mitego ya kupimia udongo katika jozi za vipande vya shamba, kimoja chini ya miti na kingine kilicholimwa wazi, akawa anapima baada ya kila mvua. Mvua nyingi zitampa tofauti ndogo ndogo, na mvua moja ya namna ile itampa tofauti inayozidi zote za mwaka zikijumlishwa. Wastani wa tofauti hizo utakuwa ni habari ya siku moja. Dawa ya kwanza, ambayo naipenda kuliko zote kwa kuwa huheshimu maumbile ya jambo lenyewe, ni kupima uwiano mahali pa kutoa: badala ya kuuliza kipande kilicho wazi kimepoteza kilo ngapi zaidi, uulize kimepoteza mara ngapi zaidi. Kwa hesabu hiyo huchukuliwa logi za vipimo, kisha logi moja hutolewa katika nyingine, na aghalabu tofauti za logi hujipanga kwa utulivu unaofaa jaribio la ti. Mmomonyoko, ukuaji wa vijidudu, na wingi wa tope katika mto Morogoro baada ya mvua ni mambo yanayokwenda kwa kuzidisha, na ni haki yapimwe kwa kuzidisha.

Dawa ya pili ilitolewa na Frank Wilcoxon, mkemia aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya American Cyanamid, katika makala fupi ya mwaka 1945. Yeye alishauri kwamba tofauti zipangwe kwa ukubwa bila kujali ishara, ndogo kuliko zote ipewe cheo cha kwanza, ifuatayo cha pili, na kuendelea. Kisha vijumlishwe vyeo vya tofauti zilizo chanya upande mmoja, na vyeo vya tofauti zilizo hasi upande mwingine. Ikiwa hakuna tofauti ya kweli, majumlisho mawili yatakaribiana. Ikiwa moja ni dogo mno, sadfa haiwezi kulieleza kwa urahisi. Mvua ya 23 Februari katika utaratibu huu hupata cheo cha juu kabisa, lakini cheo kimoja tu juu ya ile inayoifuata, wala haiwezi tena kuzinyamazisha nyingine zote. Watu husema kwamba jaribio la Wilcoxon halidai chochote juu ya umbo la data, na kauli hiyo si sahihi: ukitaka matokeo yake yawe hukumu juu ya kati ya tofauti, yaani thamani inayokaa katikati zikipangwa kwa ukubwa, lazima tofauti ziwe na ulinganifu, upande wa juu na upande wa chini wa kati yake ukitawanyika kwa namna moja.

Asiyeweza kuahidi hata ulinganifu huo hubakiwa na jaribio la ishara, ambalo ni kongwe kuliko yote, kwani John Arbuthnot alilitumia mwaka 1710 alipoonyesha kwamba katika miaka 82 mfululizo wavulana waliobatizwa London walizidi wasichana kila mwaka. Huhesabu ishara tu: jozi ngapi zimekwenda huku na ngapi kule. Mkulima asiyepima kwa mizani, bali akasema tu kwamba kipande hiki ni bora kuliko kile, amekwisha toa ushahidi wote ambao jaribio hili linauhitaji. Kwa wale wagonjwa wa Kalamazoo, mmoja hakutofautiana na tisa wote walikwenda upande mmoja, jambo ambalo kwa sadfa hutokea mara moja tu katika mara 256.

Kwa kawaida hufundishwa kwamba jaribio la ti ndilo lenye nguvu, la Wilcoxon linalifuata, na la ishara ni dhaifu, la kukimbiliwa pale tu mengine yanaposhindikana. Charles Darwin, bila kukusudia, alituachia data za mahindi zinazotufundisha kuwa ngazi hiyo ya vyeo si ya kudumu. Katika kitabu chake cha mwaka 1876 alieleza namna alivyootesha jozi kumi na tano za mimea ya mahindi, katika kila jozi mmoja ukiwa umezaliwa kwa chavua ya mmea mwingine na wa pili kwa chavua yake mwenyewe, wawili hao wakianza maisha siku moja katika chungu kimoja. Miche iliyochanganya nasaba iliizidi ile mingine kwa wastani wa kama sentimita 6.6. Darwin alimpelekea Francis Galton data hizo ili amsaidie kuzihukumu, naye Galton akaipanga kila safu upya kwa urefu, mrefu kwa mrefu na mfupi kwa mfupi, na kwa kufanya hivyo akazivunja jozi zote ambazo Darwin alikuwa amezilea kwa subira. Mwaka 1935 Ronald Fisher, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, alizirudisha jozi mahali pake katika kitabu chake juu ya mipango ya majaribio, na akakokotoa ti: ikawa 2.15, dhidi ya mpaka wa 2.145. Hukumu ilipita tundu la sindano, uwezekano wa sadfa ukiwa 4.97 kwa mia.

Sasa zitazame jozi zile zile kwa njia nyingine. Kumi na tatu kati ya kumi na tano zilikwenda upande wa nasaba mchanganyiko, na mbili tu zikaenda kinyume. Jaribio la ishara, hilo linaloitwa dhaifu, lasema kwamba sadfa ingeleta mwelekeo wa kadiri hiyo, upande wowote, kama mara saba tu katika elfu. Jaribio la Wilcoxon nalo limesimama kati, kama nne kwa mia. Mbona jaribio lililovitupa vipimo vyote likabaki na ishara ndilo lililosadiki kwa nguvu zaidi? Kwa kuwa zile jozi mbili zilizoasi ziliasi kwa kiasi kikubwa, moja yao kwa zaidi ya sentimita 20, na ukubwa wa uasi huo ulihesabiwa kikamilifu na ti, ukapunguzwa na vyeo, ukapuuzwa na ishara. Majaribio matatu yameulizwa maswali matatu, moja juu ya wastani wa urefu uliopatikana, moja juu ya kati ya tofauti, na moja juu ya mara ngapi mmoja humshinda mwenzake, na kila moja limejibu swali lake kwa ukweli.

Kwa hiyo mtu mwenye kuyafanya yote matatu, kisha akatangaza lile lililompendeza, hakuchagua jaribio, bali amechagua jibu. Uchaguzi uwe umeandikwa kabla ya mavuno. Hata ile desturi ya kuzijaribu kwanza tofauti kama zina umbo la kengele, kisha kuchagua kwa matokeo ya jaribio hilo la awali, siipendi: penye jozi chache jaribio la awali halina uwezo wa kuona kasoro, na penye jozi nyingi huona kasoro ndogo ambazo zisingemdhuru mtu, kwa hiyo hunyamaza linapohitajiwa na hupiga kelele lisipohitajiwa. Heri mtafiti aulize kama aulizavyo mkulima: kitu hiki nikipimacho hukua kwa kujumlisha au kwa kuzidisha, na mwaka mmoja mbaya waweza kukivuruga kiasi gani? Atakayechora tofauti zake katika karatasi, nukta kwa nukta, na kuzitazama kwa makini, atakuwa na msaada bora kuliko jedwali lolote.

Kuna hesabu nyingine ya mapema, nayo ni ya idadi ya jozi. Mtafiti aliyechagua vijiji vitano, akapata jozi moja katika kila kijiji, na akaazimia kutumia jaribio la Wilcoxon kwa mpaka wa tano kwa mia na kwa pande zote mbili, ameshindwa kabla hajapanda mbegu. Kwani hata vijiji vyote vitano vikienda upande mmoja, jaribio haliwezi kutoa uwezekano wa chini ya 6.25 kwa mia, ambao ni mbili katika thelathini na mbili. Akiwa na vijiji sita hushuka hadi kama tatu kwa mia, na mlango hufunguka. Wala mtu asijidanganye kwamba atapata jozi hamsini kwa kupima mihindi kumi katika kila kipande cha vijiji vile vitano. Mihindi kumi iliyoota katika kipande kimoja imekunywa mvua moja na kulimwa kwa jembe moja, nayo yote kwa pamoja hutoa ushahidi wa shahidi mmoja; itafutiwe wastani kwanza, na jozi zibaki tano. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko jingine lolote katika tasnifu za wanafunzi, na ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa kazi ya mikono huwa ilifanywa kwa bidii na uaminifu.

Hayo yote ni ya vipimo vyenye kiasi. Kipo kipimo kingine kisicho na kiasi, kinachosema ndiyo au la tu, na kwa hicho Morogoro ina mfano ulio adimu kupatikana kwingineko. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilicho chini ya milima hii na kinachoitwa kwa jina hilo tangu mwaka 1984, shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji na kuhamia Morogoro mwaka 2000, huwafundisha panyabuku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya hupitishwa juu ya matundu yenye sampuli, na penye harufu ya ugonjwa husimama na kuikaza pua yake. Makohozi hayo huwa yamekwisha tazamwa kwa darubini hospitalini, kwa hiyo kila mgonjwa ana majibu mawili, la darubini na la panya, na majibu mawili ya mtu mmoja ni jozi.

Atakayehesabu ndiyo za darubini upande huu na ndiyo za panya upande ule, akazilinganisha kana kwamba ni za makundi mawili ya watu, atakuwa amerudia kosa la wale wagonjwa kumi waliofanywa ishirini. Quinn McNemar, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha njia mwaka 1947. Jozi zigawanywe mafungu manne: waliokubaliwa na wote wawili, waliokataliwa na wote wawili, waliokubaliwa na darubini wakakataliwa na panya, na waliokubaliwa na panya wakakataliwa na darubini. Mafungu mawili ya kwanza hayasemi lolote juu ya nani ana ndiyo nyingi kuliko mwenzake, kwa kuwa hapo wameafikiana. Hukumu yote imo katika mafungu mawili ya waliohitilafiana. Tuchukue tarakimu za kubuni: fungu moja lina watu 30 na jingine 12. Tofauti yake ni 18. Mraba wake, 324, ukigawanywa kwa jumla yao, 42, hutoa 7.7, nayo ikizidi 3.84 tunasema kwamba hitilafu imeelemea upande mmoja kupita sadfa. Msomaji ataona kwamba hili ni lile jaribio la ishara la Arbuthnot katika vazi jingine, kila jozi iliyohitilafiana ikiwa ni ishara moja.

Lakini hapa tena swali lazima lije kabla ya jaribio. Katika matokeo ya mwaka 2009, panya wa Morogoro walinusa makohozi ya wagonjwa 10,523, ambao darubini ilikwisha wakuta 13.3 kwa mia yao, yaani watu kama 1,400, kuwa na kifua kikuu. Panya waliongeza wagonjwa wapya 620, na hivyo idadi ya waliogunduliwa ikapanda kwa 44 kwa mia. Mtu akiuliza nani bora, panya au darubini, atahitaji pia kujua ni wangapi walioonekana kwa darubini na panya wakawapita, na pasipo fungu hilo McNemar hana la kusema. Panya, hata hivyo, hawakuwekwa pale ili waiondoe darubini. Waliwekwa baada yake, wawapitie wale ambao yenyewe iliwaruhusu waende nyumbani. Katika mpango wa namna hiyo ni fungu moja tu linaloweza kukua, na kulipima kwa jaribio linalodhani kuwa mafungu mawili yangeweza kulingana ni kuuliza lisiloulizwa na yeyote. Kinachotakiwa ni makadirio ya ukubwa wa nyongeza hiyo pamoja na mipaka ya shaka yake, kama vile kwa wagonjwa wa Kalamazoo ilivyo bora kusema kwamba dawa ya pili ilizidi kwa saa 1.58, na kwamba data zinaafikiana na ziada yoyote kati ya saa 0.70 na 2.46, kuliko kusema tu kwamba tofauti imethibiti. Na fungu la waliokataliwa na darubini wakakubaliwa na panya halina wagonjwa watupu. Wamo pia wazima, na kila mmoja wao lazima makohozi yake yapimwe tena kwa njia nyingine kabla mtu hajaambiwa ameze vidonge kwa miezi sita, ndiyo maana mwenye kupanga kazi ya maabara hutaka kujua, kwa kila mgonjwa mmoja wa kweli aliyeongezwa, ni sampuli ngapi atalazimika kuzirudia.